Barua ya wazi kwa watengenezaji wa gemu za historia: iwekeni Rhapta kwenye ramani

Kwa wakurugenzi, wabunifu na watafiti wa Firaxis Games, Maryland, Marekani. Wa Paradox Interactive, Stockholm, Sweden. Na kwa wengine wote mnaotengeneza gemu za mikakati ya kihistoria.

YAH: MIJI ILIYOPOTEA YA PWANI YA AFRIKA MASHARIKI

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mkazi wa Feri, Dar es Salaam, na nina chumba cha gemu Kariakoo. Wanaokuja kwangu ni vijana wa madukani wakishafunga, wanafunzi wa vyuo, makuli wa Msimbazi, na watoto wa wavuvi ambao baba zao wako mnadani Magogoni tangu alfajiri. Wengi hucheza mpira. Lakini lipo kundi lililozama kwenye gemu zenu, zile za kujenga dola, kutuma merikebu, kuifunua ramani kidogo kidogo na kungoja zamu. Kundi hilo linakua. Wanabishana juu ya kodi za Venisi na wapanda farasi wa Wamongolia kwa sauti ileile wanayobishania Simba na Yanga. Kwa niaba yao, na kwa niaba yangu, naandika kulalamika na kuomba.

Mliamua zamani, na mimi nasema mliamua vizuri, kwamba ndani ya gemu ya historia mtu aweze kukuta mahali pa hadithi. Katika Civilization V mpelelezi akipenya msituni anaweza kuikuta El Dorado, na hazina yake ikapokea dhahabu 500 papo hapo. Anaweza kuikuta Chemchemi ya Ujana. Katika Civilization VI mliongeza Paititi, mji uliofichika wa simulizi za Wainka. Paradox nao, katika nyongeza ya Europa Universalis IV ya mwaka 2015, waliwapa makamanda wa kikoloni kazi ya kuisaka Miji Saba ya Dhahabu huko Amerika. Kila mahali hapo pana mvuto wake. Nimewaona vijana wakisimama kwenye viti kwa kukuta mahali pamoja tu kati ya hapo.

Na sisi tumepewa nini? Tumepewa Migodi ya Mfalme Suleimani. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza.

1. Migodi hiyo si hadithi yetu. Aliyeitangaza dunia nzima ni mwandishi wa riwaya Mwingereza, H. Rider Haggard, mwaka 1885, na kitabu chake kilitoka wakati Ulaya inagawana bara hili. Haikuwa hadithi isiyo na madhara. Miaka 14 kabla yake Mjerumani Carl Mauch alikuwa amefika Great Zimbabwe, akatazama kuta zile za mawe, akaamini kwamba ni kazi inayomhusu Malkia wa Sheba. Wazo likaota mizizi: wenyeji hawawezi kuwa ndio waliojenga. Mwaka 1929 mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alichimba pale na kueleza wazi kwamba mji ni wa Waafrika, lakini utawala wa Rhodesia uliendelea kuwabana wataalamu waliosema hivyo hata miongo kadhaa baadaye. Jina la Suleimani lilikuwa kifuniko cha wizi. Mnapoliweka kwenye ramani ya Afrika kama pambo, mnalibeba pamoja na mzigo wake.

Tena dhahabu ilikuwepo kweli. Ilichimbwa na wenyeji wa nyanda za juu za Zimbabwe, ikashushwa hadi bandari ya Sofala, ikapandishwa kwa majahazi mpaka Kilwa Kisiwani, na masultani wa Kilwa wakatoza ushuru wao. Kwa mali hiyo Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14, jumba la vyumba zaidi ya mia moja lenye birika la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Sarafu yenye jina lake imeokotwa Great Zimbabwe. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo watu wanajiuliza zilifikaje. Hilo fumbo la sarafu tano peke yake lingeweza kutengenezewa gemu nzima. Badala yake mkamchukua Suleimani.

Ombi langu la kwanza: jina hilo liondoeni kwenye matoleo yajayo. Mkishindwa kuliondoa, andikeni kwenye maelezo yake nani alilitunga, lini, na lilitumika kufanya nini.

2. Rhapta. Hapa mtanivumilia, maana nitakaa.

Katikati ya karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi. Wasomi wanauita Periplus ya Bahari ya Eritrea. Hakuandika hadithi za majitu wala miji ya dhahabu. Aliandika kama mtu wa Kariakoo anavyoandika daftari la bidhaa: bandari ipi, kinauzwa nini, kinatakiwa nini, nani mkubwa wa pale. Akishuka pwani yetu anafika Menouthias, kisiwa ambacho wengine wanasema ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Anaeleza kwamba watu wake wana mitumbwi ya gogo na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na kwamba wanavua kwa mitego iliyosukwa, wakiitega kwenye midomo ya mikondo ya maji. Ndugu zangu, hayo ni madema. Mvuvi yeyote wa Feri akisomewa mistari hiyo atajua inasema nini.

Kisha, mwendo wa siku mbili za tanga kutoka hapo, anaitaja Rhapta, soko la mwisho la Azania, yaani pwani hii. Hapo walinunua pembe za ndovu kwa wingi, pembe za faru na magamba ya kasa. Hapo waliuza mikuki iliyofuliwa Muza huko Yemen, mashoka, visu, misharasi na vitu vya kioo. Walileta pia mvinyo kidogo na ngano, si kwa kuuza, ila kwa kujipatia hisani ya wenyeji. Manahodha na mawakala wa Kiarabu walikuwa wakienda na kurudi, wameoa pale, wanajua pwani na wanajua lugha. Karne iliyofuata, Ptolemaio wa Alexandria akaitaja Rhapta kwamba ni mji mkuu, uliopo kando ya mto wenye jina lake.

Halafu mji ukatoweka. Hakuna anayeweza leo kutia kidole kwenye ramani na kusema ni hapa. Wapo wanaosema Pangani. Wapo wanaosema delta ya Rufiji. Wapo waliotaja kandokando ya Dar es Salaam yetu. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia miaka mingi kuchimba Rufiji, Mafia na kwingineko, akaripoti shanga za kioo zenye asili ya dola ya Kirumi, na ni mmoja wa wanaoelekeza macho Rufiji. Mwaka 2016 mzamiaji mmoja alionyesha picha za mawe yaliyokaa kama kuta chini ya bahari karibu na Mafia, na magazeti ya nje yakakimbilia kutangaza kwamba mji umepatikana. Haujathibitishwa. Delta ya Rufiji hubadili mikondo, matope hushuka kila masika, mikoko huota juu yake. Mji wa miti na udongo unaweza kulala chini ya mashua inayopita na nahodha asijue.

Sasa niambieni: kama mnataka mahali palipopotea panapofaa kugunduliwa ndani ya gemu ya historia, mnatafuta nini zaidi ya hapo? Mna andiko la mtu aliyejua bei. Mna mwanajiografia mkubwa wa zamani. Mna hoja za wataalamu walio hai, na ushahidi wa shanga. Na mna shaka ya kweli, ambayo ndiyo injini ya gemu zenu.

Wapo wachezaji watakaonuna. Watasema gemu ya historia isiingizwe hadithi. Kwao najibu kwamba milango ilifunguliwa siku El Dorado ilipoingia, na tena Rhapta haimo kwenye kundi hilo. El Dorado ni tamaa ya wageni iliyopewa jina. Rhapta ni bandari iliyofanya kazi, ikalipa na kulipwa, na sisi ndio tumepoteza anwani yake.

Ombi la pili, basi, ni kwamba Rhapta iingie, na iingie hivi: isikae sehemu moja kila mara. Kila mchezo mpya unapoanza, ifichwe mahali pamoja kati ya yale yanayobishaniwa. Isifunuliwe kwa mpelelezi kupita tu juu ya kigae cha ramani. Ipatikane kwa vipande: shanga kwenye kijiji cha wahunzi, kigae cha chungu ndani ya tope, mzee anayesimulia, mstari katika kitabu kilichonunuliwa Alexandria. Kipande kimoja kikueleze ni Pangani, kingine kikuvute Mafia. Mchezaji atangaze kwa hatari yake mwenyewe, na akitangaza vibaya mwingine aweze kumpinga. Na michezo mingine imalizike mji haujapatikana.

3. Swali la nani anagundua. Hili linaniuma kuliko yote.

Katika gemu zenu mahali panagunduliwa na mgeni wa kwanza kupaona. Yeye ndiye anayepewa dhahabu na tangazo la heshima. Lakini kwa mtu wa Rufiji, Rufiji haikuwahi kupotea. Mchezaji akichagua Kilwa katika Europa Universalis, maarifa ya pwani hii yawe urithi wake tangu siku ya kwanza. Vyombo vyake vimepita humo karne nyingi kabla. Yeye asigundue, ila akumbuke. Mtengenezee njia ya kukumbuka: kukusanya masimulizi ya koo, kuwauliza manahodha, kuandika tarihi, kama Kilwa ilivyoandika yake. Na Mreno akija, aje kama mtu anayetafuta kwa kuuliza, alipe marubani, kama Vasco da Gama alivyolazimika kupata rubani Malindi mwaka 1498 ndipo akavuka kwenda India.

Nawapa haki yenu kwa mlichokwisha kufanya. Civilization VI ina Zanzibar, na anayeifadhili hupata mdalasini na karafuu. Ina Kilimanjaro. Nyongeza ya mwaka 2018 iliingiza Kilwa Kisiwani kwenye orodha ya maajabu ya dunia, na siku ile chumbani kwangu kulikuwa na shangwe. Civilization VII imemfanya Ibn Battuta kiongozi, mtu aliyetia nanga Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji. Gemu mpya ya Paradox inaanza mwaka 1337, miaka sita tu baada ya ziara hiyo, pwani yetu ikiwa hai. Tumeona, tunashukuru.

Lakini tazameni jinsi ajabu la Kilwa linavyofanya kazi katika Civilization VI. Mtu yeyote anaweza kulijenga. Mnorwe analijenga kwenye baridi yake, Mwaustralia analijenga kwake, na wa kwanza akimaliza wengine wote wanalikosa. Watu wa Kilwa wenyewe hawamo kwenye gemu hiyo kama taifa la kuchagua. Mawe ya matumbawe yameingia, walioyachonga wamebaki nje. Na yule mwanaakiolojia wenu anaruhusiwa kuvuka mpaka, kuchimba, na kubeba alichokipata hadi makumbusho ya kwao. Kwenu ni kanuni ya mchezo. Kwetu yalitokea. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, mkoani Lindi, ikabebwa kichwani na wapagazi hadi bandarini, na yule mkubwa kuliko wote amesimama Berlin mpaka leo. Watanzania wanaijadili habari hiyo hadi bungeni. Kanuni yenu inaweza kuijadili pia: anayechimba kwa mwenzake aombe kibali, na mwenye ardhi awe na uwezo wa kukataa, au wa kudai kilichochukuliwa kirudi.

4. Shungwaya ishughulikiwe kwa namna nyingine kabisa. Wamijikenda wanasimulia kwamba walitoka Shungwaya, huko kaskazini, mpakani mwa Kenya na Somalia ya leo, wakashuka kusini na kujenga kaya zao msituni. Wadigo wa Tanga wamo kwenye simulizi hiyo. Wanahistoria wanabishana kama watu wote walihama kwa pamoja, kama walihama wachache wakaleta jina, au kama Shungwaya ni namna ya kusema sisi ni ndugu. Sitaki muiweke kama mji wa kukutwa. Iwekeni kama kumbukumbu inayosafiri na watu. Makundi yanayodai asili moja yapate nguvu ya kuungana vita vikija, na nguvu hiyo idumu kadiri simulizi inavyotunzwa.

Na kaya zenyewe msiziguse kama vituo vya kuokota mali. Zile ni mahali patakatifu, na tangu mwaka 2008 zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Fingo, kinga iliyozikwa ndani ya kaya, lililetwa, wazee wanasema, kutoka Shungwaya. Vigango vya Wagiriama, nguzo za kuwakumbuka marehemu, viliibwa na kuuzwa mpaka vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani, na ni baadhi tu vilivyorejeshwa. Gemu ikimpa mtoto pointi kwa kung'oa kigango, imeshiriki.

5. Zawadi isiwe dhahabu. Nina sababu ya karibu sana. Huku kwetu ipo imani kwamba Wajerumani walipokimbia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliacha mali wameifukia: kwenye maboma, chini ya mibuyu, karibu na makaburi. Watu wanachimba usiku. Wanavunja. Makaburi ya kale ya pwani, kama yale ya Kunduchi hapa hapa Dar es Salaam, yalipambwa kwa mabakuli ya kauri kutoka China. Nendeni mkaone mashimo yaliyobaki baada ya kauri kubanduliwa. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964, lakini sheria haiwezi kulala kwenye kila gofu. Kijana anayefundishwa kila jioni kwamba ukikuta magofu unapokea dhahabu 500 anafundishwa lile lile la wachimbaji wa usiku.

Basi atakayeikuta Rhapta apewe njia ya biashara, au marubani wazuri zaidi, au mafundi wa mtepe. Apewe maarifa. Mtepe, kwa wasioujua, ni chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, chenye tanga la mkeka, na kilikuwa bado kikionekana pwani ya Lamu mwanzoni mwa karne ya 20. Ni ndugu wa vyombo vilevile vilivyoelezwa kwenye Periplus. Teknolojia iliyoishi karibu miaka elfu mbili haistahili kukosa hata picha kwenye orodha zenu za uvumbuzi, ambako mnapanda moja kwa moja kutoka jahazi la Ulaya hadi meli ya mvuke.

6. Pepo. Bila kaskazi na kusi hakuna pwani ya Waswahili. Kaskazi huleta vyombo kutoka Uarabuni na Gujarati kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kusi huvirudisha. Kilwa ilitajirika kwa sababu kubwa mojawapo kwamba ilikaa karibu na kikomo cha chombo kinachotaka kuja na kurudi ndani ya msimu mmoja. Aliyetaka kwenda Sofala moja kwa moja aliukosa upepo wa kurudi. Paradox, gemu zenu zinahesabu siku na miezi, kwa hiyo hamna sababu ya kuliacha hili. Msimu uongoze nani anaweza kufika wapi, na utafutaji wa miji iliyopotea uwe na dirisha linalofunguka na kufunga.

7. Yako mengine nayataja kwa haraka. Qanbalu, kisiwa cha Zinji ambacho msafiri al-Mas'udi alikifikia mwaka 916 na ambacho wengi wanadhani ni Pemba. Pujini, huko huko Pemba, ngome ya Mkama Ndume ambaye simulizi zinamtaja kwa ukatili. Engaruka, chini ya kingo za Bonde la Ufa, mashamba ya mawe na mifereji ya umwagiliaji yaliyolimwa kwa karne kadhaa kisha yakaachwa, wakati ramani ya Europa Universalis IV inaonyesha sehemu kubwa za bara kama nchi zisizopitika au nchi zinazongoja mkoloni. Gedi, ndani ya msitu karibu na Malindi, mji ulioachwa karne ya 17 na ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Bigo bya Mugenyi, Uganda, mahandaki ambayo simulizi zinayahusisha na Bachwezi, watawala waliokuja na kutoweka. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kutungwa.

8. Mwisho, watu. Msitutengenezee haya mkiwa Maryland na Stockholm peke yenu kwa kusoma intaneti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara inayofundisha akiolojia. Kutoka Feri hadi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ni mwendo wa miguu, na vitu vilivyochimbuliwa Kilwa viko pale. Kuna wazee wa Mafia, Kilwa na Lamu wanaojua majina ya miamba na mikondo. Waajirini kama washauri, muwalipe kama mnavyowalipa washauri wengine, na majina yao yaandikwe kwenye orodha ya waliotengeneza. Manahodha wa pwani hii wakisema kitu ndani ya gemu, waseme Kiswahili, na sauti ziwe za wazungumzaji wake. Na msiifungie Rhapta ndani ya nyongeza ya bei ya kwenu. Kijana anayelipa umeme wa Luku, bando na kiingilio cha chumba changu hawezi kununua mji wa babu zake kwa bei ya mlo wa hoteli ya Marekani.

Najua mna hesabu zenu za wateja, na Afrika Mashariki kwenye hesabu hizo ni ndogo. Lakini nyinyi ndio walimu wa historia wa vijana wengi kuliko mnavyodhani. Anayecheza na Venisi miezi miwili anaijua Venisi: kodi zake, madoge wake, maadui zake. Kijana huyo huyo, aliyezaliwa Magogoni, akiulizwa pwani yake ilikuwaje miaka elfu moja kabla ya Vasco da Gama, anakaa kimya, maana kwenye ramani aliyoizoea palikuwa na ukungu.

Naomba mnijibu kwa maandishi juu ya mambo matatu: kama Migodi ya Mfalme Suleimani itabaki, kama Rhapta itafikiriwa kwenye nyongeza yoyote iliyo mezani sasa, na nani ndani ya kampuni zenu anashughulikia Afrika Mashariki, ili tujue pa kumpelekea vitabu. Mkituma toleo la majaribio, chumba changu kiko wazi na wajaribuji wapo. Mkija wenyewe, njooni asubuhi wakati wa mnada. Nitawakutanisha na watega madema, na mtawauliza wenyewe juu ya mikondo kuelekea Mafia.

Wenu katika kazi,

Mwenye chumba cha gemu, Kariakoo
Mkazi wa Feri, Dar es Salaam

Nakala kwa:
Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam
Walimu wa akiolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam
Vijana wote wanaotengeneza gemu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ambao wasisubiri jibu la barua hii ndipo waanze